Harusi Ni ya Nani? Kamati, Bima na Usiku wa Tarehe 1 Novemba

Harusi ya Dar es Salaam haina mwenyewe mmoja. Maarusi ni wawili, lakini wenye harusi waweza kufika mia mbili: wajumbe wa kamati, waliotoa ahadi na kulipa, waliotoa ahadi na kunyamaza, majirani wa mtaa, wafanyakazi wenza, wanakikoba wa mama mzazi, na yule binamu wa Tabora anayetuma mchango wake kwa simu usiku wa mwisho. Jambo hili nimelifikiri kwa miezi kadhaa sasa, na si kwa udadisi wa kitaaluma. Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na kamati ile ilinituma nikatafute bima.

Wazo hilo lilitoka kwa mjumbe mmoja kijana, mhasibu, aliyekuwa amesoma kwamba Uingereza na Marekani watu hukatia bima harusi zao kama sisi tunavyokatia magari. Wazee walicheka. Mmoja wao alisema kuikatia bima harusi ni kuiombea mabaya. Lakini bajeti ilikuwa imefika shilingi milioni 18, na kati ya hizo milioni nne zilitakiwa kulipwa ukumbini miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Mweka hazina aliposoma tarakimu hizo kwa sauti, kicheko kilikoma.

Kicheko chao hakikuwa ujinga. Kizazi kile kilikutana na bima kupitia mlango mmoja tu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likabaki peke yake sokoni kwa takriban miaka thelathini, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua njia kwa kampuni binafsi. Kwa mtu aliyemiliki gari katika miaka hiyo, bima ilikuwa karatasi ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani kuliko ahadi ya kulipwa. Fikra hiyo haijafa. Muulize leo kijana wa bodaboda pale Msimbazi bima yake inamkinga na nini. Wengi watakujibu kwamba inawakinga na trafiki.

Isitoshe, wazee wale walikuwa na bima yao tayari, nayo ni mchango. Dada yangu ana daftari la jalada gumu alilolirithi kwa mama yetu. Humo yameandikwa majina, tarehe na kiasi: nani alitoa nini katika harusi ya nani, tangu enzi ambazo noti ya shilingi mia ilikuwa na heshima. Anayechangia leo analipa ada. Fidia yake ataipokea siku binti yake atakapoolewa, au, Mungu apishe mbali, siku atakapofiwa. Wanaojua takaful, ile bima inayofuata misingi ya Kiislamu ambayo sasa inauzwa nchini, watatambua ndugu wa karibu wa daftari lile: watu wanachanga katika mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, na mwenye kupatwa anatolewa humo. Tofauti ni kwamba daftari la dada yangu linalipa gharama ya harusi inayofanyika. Halisemi lolote kuhusu harusi isiyofanyika.

Basi nikaenda Kariakoo. Ofisi ya wakala niliyeelekezwa iko ghorofa ya pili ya jengo la maduka ya vitambaa, na kuifikia ilibidi nipishane ngazini na vijana waliobeba marobota ya satini na lesi, bila shaka sare za harusi za watu wengine. Wakala alikuwa kijana mwenye adabu na subira. “Mwalimu,” aliniambia, “bima ninayo, ila ya harusi kwa jina hilo sijapata kuiuza. Nipe siku nne niwaulize makao makuu.” Baada ya siku nne alinipigia, akanikabidhi rasimu ya hati ya kurasa kumi na tisa, yote kwa Kiingereza. Nikaisoma kwa usiku mbili. Nasema hivi si kwa kujisifu bali kwa kushangaa: fedha zilizokuwa zikilindwa zilikuwa za watu wanaozungumza, kuuziana, kugombana na kuombana msamaha kwa Kiswahili.

Upande wa ahadi, hati ile ilikuwa nzuri. Iliahidi kurudisha gharama zisizorejesheka iwapo harusi ingefutwa au kuahirishwa kwa sababu ya kifo, ajali au ugonjwa mzito wa bwana harusi, bibi harusi au mzazi. Iliahidi kulipa ikiwa ukumbi ungeungua au kufurika maji hata usiweze kutumika, na ikiwa mtoa huduma aliyekwisha kulipwa angefilisika. Ilikuwa na sehemu ya mavazi na pete, sehemu ya fedha taslimu zikiwa njiani, na sehemu ya dhima kwa umma, yaani iwapo jukwaa litaanguka likamvunja mgeni mguu, au mwali wa mshumaa utaunguza pazia la mwenye ukumbi. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuipata na ndiyo watu huipuuza. Msomaji mwenye harusi mwaka huu nampa shauri moja tu la kivitendo: kabla ya kuulizia kitu kingine, uliza mwenye ukumbi kama anayo bima ya dhima, na omba kuiona.

Lakini hati ya bima haisomwi kutoka mbele. Husomwa kutoka nyuma, mahali yalipoorodheshwa yasiyolipwa. Huko nilikuta kwamba kila sehemu ina kikomo chake, hivyo mtu asidhani kwamba milioni 18 zilizoandikwa jaladani zinaweza kulipia gauni. Nilikuta kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai. Nilikuta kwamba hali yoyote iliyokuwa ikijulikana siku ya kukata bima haihesabiwi kuwa janga: kama baba wa bwana harusi yuko hospitali leo na hukusema, ugonjwa wake kesho ni wako. Nilikuta kwamba kughairi hakulipwi. Bibi harusi akiamka asubuhi akasema simtaki tena, kampuni haina neno naye.

Hapo nilitabasamu, kwa sababu mahali bima inaponyamaza sheria yetu inazungumza. Kifungu cha 69 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kumshtaki aliyeivunja, ingawa fidia haiwezi kuzidi hasara halisi iliyotokana na matumizi yaliyofanywa kwa kuitegemea ahadi hiyo. Si maumivu ya moyo yanayolipwa, ni stakabadhi. Na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Watunga sheria wa 1971 walijua kitu kuhusu harusi ambacho kampuni za bima zimeamua kukikwepa.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi, hata hivyo, ilikuwa mistari mitatu katika ukurasa wa kumi na sita. Kampuni haitalipa hasara itokanayo, moja kwa moja au vinginevyo, na vita, uasi, ghasia, machafuko ya raia, maradhi ya mlipuko, au amri ya mamlaka yoyote ya umma. Maneno ya namna hii si uzushi wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia Uingereza, kampuni zilizokuwa zikiuza bima za harusi kule ziliacha kuuza mpya, na waliokuwa nazo waligundua mmoja baada ya mwingine kwamba hati yao ilijua ugonjwa wa bibi harusi lakini haikujua amri ya serikali ya kufunga kumbi. Hoja ya kampuni inaeleweka. Bima huishi kwa hesabu kwamba nyumba moja itaungua na mia tisa hazitaungua. Amri ya serikali huzifunga kumbi zote usiku mmoja. Hakuna wa kumchangia mwenzake.

Kulikuwa na swali la pili, nalo wakala aliliuliza kwa upole: “Hati niandike jina la nani?” Nikamwambia, kamati. Akatikisa kichwa. Kamati ya harusi haina nafsi ya kisheria. Haiwezi kumiliki, kushtaki wala kushtakiwa. Na bima ina kanuni yake kongwe ya maslahi: huwezi kukatia bima kitu ambacho kupotea kwake hakukuachi na hasara mfukoni mwako.

Kanuni hii Kariakoo wameisoma kwa njia chungu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliwaka moto. Siku zile mwenye kibanda alidhani kwamba jengo likiwa na bima basi na mzigo wake umo. La. Bima ya jengo ni ya mwenye jengo; mzigo ni wa mwenye mzigo, na kama hakuukatia bima kwa jina lake, moto umemkuta uchi. Swali hilohilo lilirudi Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Uhai hauna fidia. Lakini kando ya majonzi yale walikuwapo pia wafanyabiashara waliotazama mtaji wao ukizolewa na kijiko pamoja na kifusi.

Mzigo wetu sisi ulikuwa wa nani? Fedha zilitoka kwa watu 187. Mkataba wa ukumbi ulisainiwa na mwenyekiti. Anayeolewa ni mpwa wangu. Anayedaiwa heshima ni dada yangu. Wakala alipendekeza hati iandikwe kwa jina la baba mzazi, na fidia yoyote ilipwe kwake. Nilipolipeleka hilo kwenye kikao palizuka ubishi wa saa mbili, na ubishi huo haukuhusu bima hata kidogo. Ulihusu kama fedha ikirudi itarudi kwa nani. Hatimaye kikao kiliamua tununue kinga mbili tu, ya dhima kwa umma na ya fedha njiani. Ada ililipwa siku hiyohiyo, maana bima hapa kwetu haikopwi: hakuna ada, hakuna kinga.

Tarehe tuliyoichagua ilikuwa Jumamosi, 1 Novemba 2025. Uchaguzi mkuu ulikuwa Jumatano, 29 Oktoba. Hesabu ilikuwa kwamba watu watapiga kura katikati ya wiki na kufika Jumamosi mji utakuwa umerudia hali yake. Familia nyingi zilihesabu hivyo.

Yaliyotokea kuanzia Jumatano ile sina haja ya kuyasimulia kwa wasomaji wa ukurasa huu. Waliouawa wana ndugu zao, na mbele ya misiba yao mlo wa ukumbini ni jambo dogo. Ningeona aibu kuviweka katika mizani moja. Nabaki na kipande kidogo nilichokiona mwenyewe. Jioni ya Jumatano ilitangazwa amri ya kutotoka nje usiku hapa Dar es Salaam kuanzia saa kumi na mbili jioni. Intaneti ilizimwa. Kadi zilizokuwa zimetumwa kwa simu hazikuweza kufuatwa na taarifa yoyote. Tulituma vijana kwa miguu, mlango kwa mlango, kuwaambia watu kwamba nikahi itafungwa asubuhi nyumbani, watu wachache, na hakuna usiku. Mpishi alikuwa amenunua mbuzi. Mpambaji alikuwa amekodi viti kwa mwenzake. Mpwa wangu aliolewa saa nne asubuhi mbele ya watu wasiozidi ishirini, akavaa gauni lake, akapigwa picha uani kando ya mtungi wa maji, na kabla ya alasiri wageni walikuwa wamekwisha kwenda ili giza lisiwakute njiani.

Ukumbi wetu ulikuwa umekodiwa kwa saa mbili usiku.

Mji ulipofunguka, mwenyekiti alimwandikia mwenye ukumbi. Jibu lilikuwa sentensi mbili: kwa mujibu wa mkataba malipo ya awali hayarejeshwi, mnaweza kupewa siku nyingine mwezi Januari kwa kuongeza milioni moja na nusu. Sitamtaja, na sidhani kuwa ni mtu mbaya kuliko wengine. Naye alikuwa na usiku kadhaa zilizokufa.

Kikao kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Nusu ya wajumbe walitaka tulipe nyongeza, tufanye hafla Januari, tumalize aibu. Nusu walitaka zile milioni nne. Akasimama mama mmoja mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, mwanakikoba wa dada yangu, aliyekuwa amechangia laki mbili. “Mwalimu,” aliniambia, “mimi sikuchangia ukumbi. Nilimchangia mtoto, na mtoto kaolewa. Deni langu kwenye daftari limeandikwa. Hayo mengine ya kwenu.” Watu walimpigia makofi.

Maneno yale yana busara kubwa, nami sikupiga makofi. Yanaeleza vizuri kabisa kwa nini michango yetu haiporomoki: mchangiaji hanunui sahani ya pilau, ananunua nafasi yake katika kumbukumbu ya wenzake, na nafasi hiyo amri ya serikali haiwezi kuifuta. Kwa hiyo hasara hasikii. Lakini hasara isiyosikiwa na mtu haijatoweka. Imebaki imelala mfukoni mwa mtu mwingine. Katika utumishi wa umma tunaifahamu hali hii. Fedha ikishakuwa ya watu wengi mno, anayeishika ndiye mwenyewe. Ukarimu wetu sisi kwa sisi umekuwa, bila ya kukusudia, bima ya mwenye ukumbi, tena bima asiyoilipia ada.

Nilisema hivyo kikaoni kwa maneno laini zaidi, kisha nikasoma vifungu viwili. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imerithi maneno yake kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 56 kinasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani au limekuwa haramu, kwa tukio ambalo aliyeahidi hakuweza kulizuia, hubatilika pale linapokuwa haliwezekani. Kifungu cha 65 kinasema mkataba unapobatilika, aliyekwisha kupokea manufaa chini yake anapaswa kuyarudisha au kuyafidia. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1903 ambayo wanafunzi wa sheria huijua: mtu alikodi vyumba London ili atazame maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, mfalme akaugua, maandamano yakaahirishwa, na Mahakama ya Rufaa ikasema halazimiki kulipa kilichosalia kwa sababu maandamano ndiyo yaliyokuwa msingi wa mkataba. Waingereza wa wakati ule waliiacha fedha iliyokwisha kulipwa ibaki pale ilipo. Sheria yetu haikufuata njia hiyo. Imesema rudisha.

Mwanasheria wa upande wa pili atajibu kwamba mkataba ulisema wazi malipo hayarejeshwi. Mimi naona sharti lile liliandikwa kwa ajili ya mteja anayebadili mawazo. Usiku wa tarehe 1 Novemba sisi hatukubadili mawazo. Ukumbi haukuweza kufunguliwa na sisi hatukuweza kuufikia, na aliyetuzuia sote wawili alikuwa mmoja. Na kama bima ya kufutwa kwa harusi tungekuwa nayo, mistari mitatu ya ukurasa wa kumi na sita ingetuacha mahali hapa hapa, tukishika Sura ya 345 mkononi. Ugomvi wetu ungekuwa na kampuni ya bima juu ya vitu vilivyomo ndani ya hati, tungeweza kwenda bila gharama za wakili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa hasara inayotokana na amri ya dola hakuna dirisha kama hilo. Hakuna wakala Kariakoo anayeiuza kinga hiyo, kwa bei yoyote.

Kikao kilipiga kura: sauti kumi na moja kwa saba, barua ya madai iandikwe. Imeandikwa kwa jina la mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyesaini, na imeambatanishwa na orodha ya wachangiaji 187 pamoja na kiasi cha kila mmoja. Mama wa Mtaa wa Kongo ni nambari 43. Hakupinga jina lake kuwekwa. Mwenye ukumbi amejibu kwamba yuko tayari kurudisha milioni moja. Tumekataa, na tumempa siku thelathini.

Kwa desturi ya mji huu, kamati ya harusi huvunjwa kwa sherehe ndogo: nyama, vinywaji, na mweka hazina kusoma salio. Hii yetu haijavunjwa. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, barazani kwa dada yangu, na mpwa wangu, ambaye sasa ni mjamzito, ndiye anayetuandalia chai.